Rezini haikauki, inaiva: mwongozo kamili wa kupaka ukuta wa nyuma wa tangi la samaki

Simu zinazonifikia zinafanana kama mapacha. Mtu wa Mwanga, Gungu au Ujiji, hapa Kigoma, kajenga ukuta mzuri wa mawe ya bandia nyuma ya tangi lake, kaupaka, kasubiri siku mbili, kajaza maji na kuweka samaki. Siku ya tatu samaki wako juu wanahema. Ya nne wanaelea ubavu.

Nikiuliza alipaka nini, majibu ni yale yale: vanishi ya mbao, rezini ya faiba, au "epoksi, ila kopo halina maandishi". Na hata aliyenunua epoksi nzuri, mara nyingi ameua samaki nayo kwa sababu moja: hakuisubiri. Rangi ya ukutani hukauka, yaani maji au thina yake huondoka hewani. Rezini haikauki. Vitu viwili hukutana, hushikana na kugeuka kitu cha tatu, kama yai linavyogeuka kwenye sufuria. Ikiwa ngumu juu lakini mbichi ndani, ubichi ule ndio unaovujia kwenye maji.

Mfano nitakaotumia ni tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, kipimo ambacho fundi vioo yeyote mjini anakijua. La kwako likiwa kubwa zaidi, zidisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze na nusu ya vifaa. Ukishachanganya rezini, hakuna kukimbia dukani.

- Povu jeupe, lile linalozunguka friji na televisheni ndani ya boksi. Chagua lenye chembe zilizobanana, lisilomeguka ukilisugua kwa kidole.
- Epoksi ya makopo mawili, moja rezini na jingine kigumishaji, isiyo na thina ndani yake. Kwa tangi letu nusu kilo inatosha kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili. Nunua kilo moja ubaki na akiba.
- Silikoni ya tangi la samaki, mirija miwili hadi mitatu, pamoja na bunduki yake.
- Mzani wa jikoni wa kidijitali unaosoma gramu moja moja.
- Vikombe vya plastiki angalau kumi na vijiti bapa vya kukorogea.
- Brashi za bei rahisi tano au sita. Hazitarudi.
- Glavu za nitraili, barakoa ya vumbi, miwani ya kukinga macho.
- Msasa namba 120 na 220.
- Kisu kikali chembamba, brashi ya waya, rula, kalamu.
- Poda ya oksaidi ya rangi, ile ya kuchanganyia sakafu: nyeusi, nyekundu, njano.
- Mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, kisha ukaanikwa juani siku mbili.
- Spiriti ya kusafishia kioo, na vitambaa visivyotoa nyuzi.

Epoksi isiyo na thina si rahisi kuikuta kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi hapa Kigoma, na wengi huiagiza Dar es Salaam. Agiza makopo yote mawili kwa pamoja, ya aina moja. Rezini ya kampuni hii na kigumishaji cha kampuni ile hazioani, hata kama muuzaji ataapa.

## Hatua ya 1: Jua kilicho chini kabla ya kuchagua cha juu

Hapa ndipo nilipoungua mwenyewe. Tangi langu la kwanza nilichonga povu wiki nzima, nikakata mapango, nikalikwaruza mpaka likafanana na majabali ya Katonga. Nikaenda kununua rezini ya faiba kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo na bei ilikuwa nzuri. Nilipopitisha brashi mara ya kwanza, nikasikia sauti ndogo, kama soda inayotoa mapovu. Kisha jabali likaanza kuzama ndani kwa ndani. Mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, alikuwa amekaa pembeni akitazama.

"Mdogo wangu, hiyo inakula povu," akasema.

"Itaacha ikikauka, mzee."

"Itaacha povu likiisha."

Likaisha kweli. Ndani ya dakika chache wiki nzima ya kazi ilikuwa ute wa rangi ya maziwa chini ya karai.

Sababu ni hii. Rezini ya faiba, ambayo kitaalamu ni poliesta, imeyeyushwa kwenye kimiminika kiitwacho stireni. Povu jeupe nalo ni polistireni, ndugu wa damu wa kimiminika hicho. Wakikutana, povu linayeyuka. Epoksi haina stireni, kwa hiyo haliguswi.

Fanya jaribio hili kila mara, hata kama umehakikishiwa na nani. Chukua kipande cha povu ulichokata, kidondoshee kila kitu unachotaka kutumia: rezini, gundi, rangi, silikoni. Subiri saa moja. Pakibonyea, pakitoboka au pakilainika, kitu hicho hakitakiwi kazini kwako.

Povu la njano la kopo, lile linalofura mafundi wakizibia milango, ni jamii nyingine na halili povu jeupe. Linafaa kuungia vipande na kutengeneza mawe ya mviringo. Ila ukilikata linabaki na vitundu vinavyonyonya, kwa hiyo nalo lazima lipakwe lote.

## Hatua ya 2: Chagua cha kupaka

Epoksi isiyo na thina ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayeanza. Inashika povu, inashika simenti, na ikiiva kabisa haitoi kitu ndani ya maji. Kwenye kopo tafuta maneno yanayosema ni yabisi asilimia 100, yaani yote hugeuka ngumu, au kwamba imeruhusiwa kupakwa kwenye matangi ya maji ya kunywa. Ukifungua kopo pua ikachomwa na harufu ya thina, hiyo ni epoksi ya sakafu iliyopunguzwa. Itakula povu, na thina itakayonasa ndani itatoka polepole kwa wiki kadhaa.

Usibabaishwe na anayekuambia epoksi hugeuka njano. Hugeuka, kwa jua. Nyuma ya tangi hakuna jua la kutosha, na ukuta wako ni wa rangi ya jabali. Nani ataona?

Poliesta, yaani faiba, waachie wenye boti. Hata ukiipaka juu ya povu la njano ambalo hailiyeyushi, tabaka lake la juu linaloguswa na hewa hubaki linanata, na harufu ya stireni hukaa muda mrefu. Kigumishaji chake ni hatari kwa macho. Tone moja linaweza kupofusha.

Rangi za chini ya boti zinazozuia mimea na konokono kuota zina shaba. Zimetengenezwa ziue viumbe vya majini. Kuna watu huzinunua wakiamini kwamba rangi ya majini lazima iwe salama kwa wa majini. Kinyume chake.

Vanishi ya mbao na rangi ya mafuta zina thina pamoja na kemikali za kuharakisha ukaukaji, na juu ya povu hazishiki. Miezi michache tu utaona magamba yakibanduka. Rangi ya maji ya ukutani nayo mara nyingi imetiwa dawa ya kuzuia ukungu. Ukungu ukifa, usishangae samaki naye akiugua.

Simenti ni njia ya mwenye subira na mfuko mwepesi. Mikono mitatu: wa kwanza uwe mwepesi kama uji, upakwe kwa brashi uingie kwenye kila kitundu, wa pili na wa tatu mzito zaidi. Acha siku moja kati ya mkono na mkono, na ufunike kwa gunia lililolowa ili isipasuke. Inatokea nzuri sana, pengine kuliko epoksi, kwa sababu ina uzito wa macho ambao plastiki haina. Tatizo lake ni chokaa.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya karibu 9, na maji ya bomba ya hapa mjini chanzo chake ni ziwa hilo hilo. Ndiyo maana watu wengi huamini simenti haina madhara kwa samaki wetu. Lakini simenti mpya hutoa maji yenye pH inayopita 12, na hapo hata samaki wa ziwa hili anaungua matamvua. Simenti tupu iloweke mwezi mzima, ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili au tatu, mpaka maji yaliyokaa saa 48 yasome pH ile ile uliyoanza nayo.

Ukitaka kuifunika simenti kwa epoksi, iache siku 28 kwanza. Kisha bandika kipande cha nailoni juu yake kwa selotepu pande zote usiku kucha. Asubuhi ukikuta umande chini ya nailoni, simenti bado ina maji na epoksi itabanduka.

## Hatua ya 3: Chonga ukijua utaingizaje

Kosa la kuchekesha, ila linauma: ukuta mzuri usiopita mdomoni mwa tangi. Matangi mengi yana vioo vya kukaza juu, na uwazi wa kati ni mdogo kuliko upana wa ndani. Pima uwazi huo kwanza. Ukuta wa sentimita 90 mara nyingi lazima ukatwe vipande viwili au vitatu. Kata kwa mstari wa kupindapinda unaofuata mpasuko wa jabali, usikate wima, jicho halitauona.

Kila kipande kiwe pungufu milimita 3 hadi 5 kuliko nafasi yake. Mikono ya epoksi na mchanga itajaza hiyo nafasi.

Kwa sura, nenda Bangwe au Katonga asubuhi na simu yako, upige picha za majabali yanapoingia majini. Angalia yanavyopasuka: nyufa za ulalo, kingo butu, vivuli virefu chini ya kila bamba. Wengi wetu tunachonga mawe ya mviringo kama viazi. Samaki wa jamii ya Julidochromis hukaa na kutagia kwenye nyufa nyembamba, kwa hiyo wakatie nyufa za kina za sentimita 2 hadi 3. Ila kila ufa uwe na mwisho unaouona kwa macho. Tundu linalotokea nyuma ya ukuta ni kaburi: samaki ataingia, hatatoka, na wewe utajua kwa harufu.

Acha mapema nafasi za mabomba ya chujio, na mfereji wa hita ulio na nafasi ya angalau sentimita 3 kila upande. Epoksi iliyoivia kwenye joto la kawaida huanza kulainika nyuzi 50 hadi 60, na hita ikiigusa inafika hapo kirahisi.

Ukimaliza kisu, pitisha brashi ya waya upate ukwaru. Wapo wanaotumia moto wa mshumaa kulainisha kingo. Unafanya kazi, lakini moshi wake ni sumu. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni.

## Hatua ya 4: Andaa uso na uchague siku

Piga vumbi lote kwa brashi kavu. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha acha saa 24. Usilishike tena kwa mikono mitupu. Mafuta ya vidole huifanya epoksi ikimbie na kuacha vijicho.

Siku nayo ina maana yake. Unyevu wa hewa ukiwa mwingi, kigumishaji hukutana na mvuke na hewa ya ukaa, kikaacha utelezi mweupe juu kama sabuni. Kwa hiyo miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, ndiyo mizuri kwetu, mradi ufunge madirisha ya upande wa vumbi. Ukilazimika kufanya wakati wa mvua, fanya ndani, mbali na mlango.

Anza saa tatu asubuhi, joto likipanda. Ukianza jioni, usiku wa kiangazi hupoa na epoksi husinzia, haiivi vizuri chini ya nyuzi 15. Pia kuna taa. Mvua za kwanza nilipaka usiku chini ya balbu, na mpaka leo jabali langu la kushoto lina kumbikumbi wanne waliohifadhiwa kama wa makumbusho.

## Hatua ya 5: Pima, changanya, hamisha

Hatua hii ndiyo inayoamua yote. Isome mara mbili.

Angalia kopo linasema uwiano wa uzito au wa ujazo. Si kitu kimoja, kwa kuwa rezini ni nzito kuliko kigumishaji. Kopo likisema 2 kwa 1 kwa uzito, weka kikombe kwenye mzani, rudisha sifuri, mimina gramu 100 za rezini, kisha ongeza gramu 50 za kigumishaji. Usipime kwa macho. Usipime kwa vifuniko vya chupa.

Waliozoea faiba wana ugonjwa wao hapa. Kwenye faiba kigumishaji ni asilimia 1 hadi 2 tu, na ukiongeza kidogo inaiva haraka. Basi na kwenye epoksi wanaongeza "ili iwahi". Epoksi haiwahi kwa kuzidishiwa. Kila chembe ya rezini inahitaji mwenzake wa kigumishaji. Aliyekosa mwenzake anabaki mbichi milele, awe wa upande huu au ule. Ndiye huyo anayeua samaki.

Koroga polepole dakika 3 kwa saa yako, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Kisha mimina kwenye kikombe cha pili kisafi, tumia kijiti kipya, koroga dakika 1 tena. Najua inaonekana uchoyo wa muda. Kile kilichoganda kwenye kona za kikombe cha kwanza hakikuchanganyika, na ukikikwangua na kukipaka ukutani utapata mabaka yanayonata yasiyopona.

Usichanganye zaidi ya gramu 200 kwa mara moja. Epoksi ikiiva hutoa joto, na ikirundikana kikombeni joto hilo hujilisha lenyewe: kikombe kinalainika, moshi unapanda. Ikikutokea, itoe nje ukaiweke kwenye mchanga, usiitupe kwenye taka. Ukitaka muda mrefu wa kupaka, imimine kwenye sahani bapa mara tu ukimaliza kukoroga.

Glavu muda wote. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili huikataa siku moja, na ukishaikataa ni wa maisha: hata harufu yake itakuvimbisha macho. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Usisafishe ngozi kwa thina, unaisukuma ndani.

Dalili kuwa umefaulu: mchanganyiko hauna michirizi wala ukungu ndani, na ukiinua kijiti unatiririka uzi mmoja laini.

## Hatua ya 6: Paka mkono wa kwanza na wa pili

Mkono wa kwanza usitie rangi. Sukuma brashi ndani ya nyufa, kisha chukua brashi ya pili kavu na uvute ile iliyojikusanya mabondeni. Dimbwi la epoksi likikaa kwenye shimo la povu linapata joto na kulila, si kwa kemia bali kwa moto wake.

Paka na mgongo wa ukuta pia, na kingo zote. Povu lililoachwa wazi nyuma hunyonya maji chafu miaka yote.

Mkono wa pili una dirisha lake. Gusa kwa kidole chenye glavu: kikiacha alama lakini hakitoki na epoksi, paka sasa. Mikono miwili itaungana kuwa kitu kimoja. Umechelewa, imekuwa ngumu? Osha kwanza kwa maji, sabuni na sponji uondoe ule utelezi, kausha, ndipo upige msasa namba 120 mpaka mng'ao wote uishe. Mpangilio huu usiubadilishe. Ukianza na msasa unausukumia utelezi ndani ya mikwaruzo.

Kwenye mkono wa pili unaweza kutia oksaidi, isizidi gramu 5 kwa kila gramu 100 za mchanganyiko. Poda iwe kavu kabisa. Rangi ya maji usiitie humo hata tone.

Majabali yetu mengi yana kutu na kijivu. Anza na kijivu cheusi kwenye nyufa, kisha nyekundu iliyofifishwa na nyeusi juu ya mabamba, na njano kidogo sana kwenye kingo. Ikikupendeza ikiwa kavu, ujue majini itakuwa nyeusi zaidi. Punguza.

## Hatua ya 7: Mchanga wa mwisho

Wakati mkono wa pili bado umelowa, nyunyiza mchanga kwa mkono kutoka juu, kama unavyonyunyiza unga wa kukandia chapati. Mwingi, mpaka usione mng'ao. Kesho yake pindua ukuta na upige mgongo, uliozidi utaanguka.

Mchanga huu si wa urembo tu. Samaki wa jamii ya Tropheus hushinda wakikwangua mwani kwenye mawe, kutwa nzima, na midomo yao imeumbwa kwa kazi hiyo. Ukuta laini wataung'arisha na kuuchubua. Wenye mchanga unashika mwani mapema na kubeba midomo yao.

Kabla ya kuutumia, dondoshea mchanga siki kidogo. Ukitoa mapovu una chokaa. Kwa samaki wa ziwa hili si tatizo, kwa wengine ni tatizo. Na wenye vumbi jeusi linalonasa kwenye sumaku uache.

## Hatua ya 8: Iache iive, kisha ijaribu

Siku 7 kwenye joto la nyuzi 25 au zaidi. Siku 10 kama usiku ni wa baridi. Nimeona ukuta mgumu kama jiwe siku ya pili, lakini ugumu wa kwanza ni wa juu tu.

Fanya majaribio matatu, usiridhike na moja.

Kwanza ukucha: ubonyeze kwa nguvu mahali pasipo na mchanga. Pasibaki hata mstari.

Pili asetoni: futa sehemu ya nyuma kwa kitambaa chenye asetoni sekunde kumi. Pasilainike, kitambaa kisichukue rangi.

Tatu chupa, na hili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Siku unayopaka, paka pia kipande cha povu cha ukubwa wa kiganja kwa mchanganyiko ule ule. Siku ya nane kitie kwenye chupa ya kioo yenye maji safi, funga kifuniko, kiache siku 3 mahali pa joto. Fungua na uweke pua papo hapo. Maji yasinuke kitu, yasiwe na utando wa upinde wa mvua juu, na ukiitikisa chupa mapovu ya maji yapotee mara moja. Ikinuka, ongeza wiki na urudie.

## Hatua ya 9: Gundisha kabla povu halijakushinda

Ukuta wetu una ujazo wa karibu lita 19 kama unene wa wastani ni sentimita 5. Maana yake, ukijaza maji, unasukumwa juu kwa nguvu ya karibu kilo 19. Fikiria ndoo ya lita 20 iliyojaa, inayotaka kupanda badala ya kushuka. Ndiyo maana kuna walioamka usiku kwa kishindo na kukuta ukuta unaelea, mfuniko umeruka.

Tumia silikoni inayonuka siki, iliyoandikwa kuwa ni ya matangi ya samaki. Ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu hata kama inanuka siki haifai. Futa kioo kwa spiriti. Mgongo wa ukuta upige msasa 120, ufute, ukauke.

Weka mistari ya silikoni wima kila sentimita 8, na mstari mmoja usiokatika kuzunguka ukingo wote. Mistari ya kati isifike ukingoni. Laza tangi kwa mgongo wake juu ya godoro, weka ukuta, na juu yake vitabu au matofali yaliyofungwa kwa kitambaa. Siku 7 bila maji, kwa sababu silikoni inaivishwa na unyevu wa hewa, na katikati ya ukuta hewa hufika mwisho.

Pale vipande vinapokutana, jaza silikoni na uinyunyizie mchanga ikiwa mbichi. Rangi haishiki juu ya silikoni. Mchanga unashika.

## Hatua ya 10: Jaza, mwaga, jaza

Jaza maji yote, washa chujio, acha saa 48, mwaga. Rudia mara tatu. Kwa ukuta wa simenti fuata mwezi niliousema.

Maji ya nne ndiyo ya kuanzia kukomaza tangi, yaani kuliandaa lipokee samaki. Watie konokono wawili watatu wa bwawani kwanza. Wanaitikia shaba na sumu nyingine mapema kuliko samaki. Wakitembea na kula baada ya siku 5, endelea. Wakijifunga ndani ya magamba au wakipanda juu ya maji wote, mwaga na urudi kwenye jaribio la chupa.

## Ukikuta mambo yameharibika

Mabaka yanayonata baada ya siku 3 ni uchanganyaji mbaya. Kupaka juu yake ni kufunika kidonda na usaha. Kwangua mpaka ufike pagumu, futa kwa spiriti, piga msasa, paka upya.

Weupe kama maziwa juu ni unyevu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ukiisha, hakuna ubaya. Ukirudi, piga msasa na uongeze mkono mmoja siku kavu.

Vitundu kama vya sindano ni hewa iliyotoka kwenye povu joto lilipokuwa linapanda. Vizibe kwa epoksi iliyotiwa mchanga laini, kimoja kimoja, kwa njiti ya kibiriti. Kazi ya kuchosha, lakini maji yakiingia kwenye povu hayatoki.

Na ukuta ukishaanza kuota utando wa kijani, wiki ya tatu au ya nne hivi, uache. Sugua kioo cha mbele tu. Siku utakayoona Tropheus wa kwanza ameinama pembe ile ile waliyozoea kwenye majabali ya Bangwe, mdomo ukichapa jiwe lako la povu, chukua tochi upite taratibu kwenye nyufa: panapong'aa peupe pameanza kuchubuka, na hapo ndipo utakapotumia ile nusu kilo ya akiba.